Ziwa Michaelson: Njia ya Mashariki ya Mlima Kenya

Paukwa! Pakawa. Sogeeni, wanangu. Leo hatuna sungura wala fisi. Nataka kuwasimulia habari za ziwa moja lililo juu ya Mlima Kenya, upande wa mashariki, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Linaitwa Ziwa Michaelson. Limelala ndani ya bonde lenye kuta za mawe pande zote, na maji yake huanza siku yakiwa meusi, jua likishapanda yakageuka kijani. Hakuna gari linalofika pale. Anayetaka kuliona sharti atumie miguu yake, tena aende polepole. Sababu ya huo upolepole ndiyo hasa ninayotaka muielewe, maana watu wengi wanaoshindwa na mlima huu hawashindwi na mawe wala baridi. Wanashindwa na haraka.

Kwanza tuujue mlima wenyewe. Wagikuyu huuita Kirinyaga, Wameru Kirimara, Wamasai Ol Doinyo Keri. Ni wa pili kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro. Una vilele vitatu ambavyo kila mtoto wa shule Kenya amekariri majina yake: Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, na Lenana, mita 4,985. Majina hayo ni ya malaiboni wa Kimasai, yaani wale viongozi wa dini na matambiko, na aliyeyaweka kwenye ramani ni Mwingereza Halford Mackinder, mtu wa kwanza anayejulikana kufika Batian. Alifika huko Septemba 1899 pamoja na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel.

Zamani sana, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, mlima huu ulikuwa volkano hai. Ulitapika moto na majivu, ukajijenga tabaka juu ya tabaka, na wataalamu wanaamini kwamba wakati huo ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo. Kisha ukazimika. Uji wa mawe uliobaki kooni mwa volkano ukapoa taratibu na kuwa mwamba mgumu kupindukia. Mvua, upepo na barafu vikala kilima kilichouzunguka, lakini ule mwamba wa kooni haukulika upesi, ukabaki umesimama peke yake. Huo ndio Batian na Nelion. Kwa hiyo mtu anayevitazama vilele hivyo anatazama ndani ya volkano, sehemu ambayo zamani ilikuwa imezikwa.

Sasa, ziwa limetoka wapi? Limechimbwa na barafu.

Kulikuwa na enzi za baridi kali duniani ambapo kilele chote cha mlima kilifunikwa na barafu nene. Barafu ikiwa nyingi namna hiyo haitulii. Uzito wake huisukuma iteremke, kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita, hata macho yasione kuwa inasogea. Inapoteremka hung'oa mawe na kuyakumbata tumboni mwake, na mawe hayo huukwangua mwamba ulio chini kama mbuzi inavyokuna nazi. Penye mwamba laini hupachimba shimo. Penye mwamba mgumu huacha kizingiti. Hali ya hewa ilipopata joto barafu ikayeyuka na kurudi nyuma, mashimo yakajaa maji, vizingiti vikayazuia. Ndiyo maana Mlima Kenya umejaa viziwa, vingine vidogo kiasi kwamba unaweza kuvizunguka kabla chai haijachemka. Michaelson ni mmoja wa wakubwa katika ukoo huo.

Ukifika huko, usiishie kuyatazama maji. Inama uangalie mwamba ulio kandokando ya njia. Utaona sehemu zilizosuguliwa zikawa laini, na juu yake mistari myembamba iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, kutoka kileleni kwenda bondeni. Pitisha kidole juu yake. Kila mstari ulichorwa na jiwe lililokuwa limebanwa chini ya barafu. Hapo hutahitaji mwalimu kukwambia barafu ilipita upande gani.

Haya, tuanze safari. Njia ya kwenda Michaelson inaanzia Chogoria, mji ulio katika kaunti ya Tharaka-Nithi, katikati ya mashamba ya chai na kahawa. Kutoka hapo kuna barabara ya udongo inayopanda msituni kwa kilomita nyingi mpaka geti la hifadhi, karibu mita 3,000. Mvua ikinyesha barabara hiyo huwashinda madereva wengi, hata wenye magari ya kazi. Msitu ni mzito: chini miti mikubwa iliyofunikwa na kuvu la kijani, juu yake mianzi iliyosongamana hadi mchana unakuwa kama jioni. Humo wamo ndovu na nyati. Nyati ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa huwa amelala kimya kichakani na hushtuka mtu akimfikia karibu. Watoto husisimka na kutaka kukimbia mbele ya wakubwa. Msituni, kaeni pamoja na mzungumze kwa sauti ya kawaida ili mnyama awasikie mapema aondoke.

Lala usiku wa kwanza getini. Najua utataka kusonga mbele kwa sababu mwili bado una nguvu, lakini lala.

Siku ya pili unatoka kwenye miti na kuingia nyika ya juu, uwanda wa majani marefu yaliyoota mafungumafungu, mpaka Ziwa Ellis, lililo karibu mita 3,500. Ellis ni ziwa la kwanza katika safari hii, bapa na la wazi. Katika mito ya mlimani kuna samaki aitwaye trauti, ambaye si mwenyeji: aliletwa na walowezi wa Kizungu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akazoea maji ya baridi. Usiku wa pili unalala hapo.

Siku ya tatu ndiyo ya Michaelson, na hapa njia zinagawanyika. Moja inapita juu, ukingoni mwa bonde liitwalo Gorges, na shimo la bonde liko upande wako mmoja muda wote. Nyingine inapita chini, bondeni, ikifuata Mto Nithi na maporomoko yake. Ni ya kupendeza ila ina matope, na mahali pengi haionekani vizuri, kwa hiyo haifai bila mwongozaji anayeijua. Wengi hupita juu. Wanatembea saa kadhaa bila kuliona ziwa kabisa, halafu wanafika kwenye jabali liitwalo Temple, wanasogea ukingoni, na ziwa hilo hapo, karibu mita 300 chini ya miguu yao.

Pale Temple hakuna uzio. Ukuta unashuka wima. Upepo wa mchana huja kwa mafungu: unatulia kabisa, kisha unakupiga ghafla mgongoni. Ukitaka kutazama chini, vua mzigo, lala kifudifudi, usogeze kichwa peke yake. Wazee wa mlimani hufanya hivyo hivyo, tena bila aibu. Ukiwa umelala hivyo utaona chini mto mdogo ukitoka ziwani na kupinda ndani ya bonde pana lenye sakafu bapa na kuta zilizosimama. Mto ukichimba bonde peke yake hulifanya jembamba kwa chini. Upana ule wa sakafu ni kazi ya barafu.

Kushuka hadi ziwani kunataka magoti na subira. Njia ni ya mawe yanayoteleza. Mtu wa mbele akiangusha jiwe hupaza sauti kuwaonya wenzake, na wa nyuma hakai juu ya kichwa cha wa mbele, wanapishana kidogo. Ukifika chini, piga hema mbali kidogo na maji, usitie sabuni ziwani, na utulie. Umefika mita 4,000.

Sasa turudi kwenye ule upolepole.

Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban sehemu 21 katika kila 100, na hivyo ndivyo ilivyo Mombasa na ndivyo ilivyo kileleni. Kinachobadilika ni uzito wa hewa. Ufukweni, hewa yote iliyo juu yetu inaikandamiza ile ya chini, kwa hiyo kila pumzi ina hewa nyingi. Ukipanda, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, mkandamizo unapungua, na pumzi ile ile inaingiza oksijeni kidogo. Pale Michaelson unapata karibu asilimia 60 ya unayopata pwani. Lenana ni zaidi kidogo ya nusu tu. Jambo hili hata sufuria inalijua: kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa takriban nyuzi 87, badala ya 100, kwa hiyo maharage unaweza kuyachochea tangu asubuhi na jioni bado yanagonga meno. Wapishi wa mlimani hubeba vyakula vinavyoiva haraka, au maharage yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani.

Mwili unaweza kuzoea hali hiyo. Mapafu huongeza kasi, moyo hupiga zaidi, damu hubadilika taratibu ili ibebe oksijeni vizuri. Ila mazoea hayo huchukua siku, wala hayajali una misuli kiasi gani. Mchezaji mpira hodari anaweza kuugua pale ambapo bibi yake angetembea salama. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Mtoto akizipata asizifiche kwa kuogopa kuonekana mnyonge. Amwambie mkubwa aliye naye palepale. Anayezipata hapandi tena mpaka zimpungue. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa kwa maneno, au akihema na kukohoa ingawa amekaa, huyo hateremshwi kesho. Anateremshwa sasa hivi, hata kama ni saa nane ya usiku, kwa maana maji yanaingia kwenye mapafu yake au ubongo wake unavimba, na dawa ya kwanza ni kushuka.

Kanuni wanayoifuata wapanda milima ni hii: ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Mchana unaweza kupanda juu zaidi kisha ukarudi chini kulala. Ukichukua kanuni hiyo uipime kwenye njia ya mashariki, utafurahi: getini karibu 3,000, Ellis karibu 3,500, Michaelson karibu 4,000, kisha kambi ya Mintos karibu 4,300. Ngazi zenyewe zimejipanga. Sasa ipime kwenye njia mbili zenye wasafiri wengi. Ile ya Sirimon, kaskazini, watu hulala Old Moses, mita 3,300, na kesho yake Shipton's, mita 4,200. Ile ya Naro Moru, magharibi, hulala kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, na kesho yake kambi ya Mackinder, nayo 4,200. Hiyo ya pili ni zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja! Njia hizo si mbaya, na mtu anaweza kuongeza siku ya kupumzika katikati. Lakini wanaotaka kuokoa fedha na muda hawaiongezi, na ndio wanaoonekana wamejiinamia nje ya hema usiku wa manane. Mimi nikiulizwa na mzazi njia ya kumpeleka kijana wake mara ya kwanza, namwambia Chogoria, na siku isipunguzwe hata moja.

Ukilala Michaelson, amka kabla ya jua. Usiku baridi hushuka chini ya sifuri, na nyasi zote zina barafu nyeupe. Tafuta mmea uitwao lobelia, wa ile aina inayokaa karibu na ardhi: majani yake yamepangwa duara, yamebanana hadi yanashika maji katikati. Utakuta juu ya yale maji kuna kigae chembamba cha barafu. Kiguse taratibu kwa ncha ya kidole, usikivunje. Chini yake maji bado ni maji, na ndani kabisa, chini ya maji, kuna chipukizi la mmea ambalo halikugandishwa. Maji yanapoganda juu huyakinga yaliyo chini yasipoe zaidi, na hivyo kitu laini kuliko vyote kwenye mmea ule huvuka salama kila usiku wa mwaka. Humo majini huishi viluwiluwi vya vijidudu ambavyo hiyo ndiyo dunia yao nzima.

Jirani yake ni senesio, mti mnene wenye kichwa cha majani makubwa. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yamening'inia na kulizunguka shina, yakilikinga na baridi. Jioni majani mabichi hujikunja juu ya chipukizi, asubuhi yakafunguka tena. Jua likitoka utamwona chozi, ndege mdogo wa kijani kinachong'aa mwenye mkia mrefu, akinyonya maua ya lobelia. Lobelia huchukua miongo kadhaa kabla ya kutoa ua lake. Ukiuvunja mmoja kwa mchezo, umevunja kitu kilichoanza kukua kabla mama yako hajazaliwa.

Kutoka ziwani njia inapanda kwa ukali hadi kambi ya Mintos, penye viziwa vya Hall, vimetapakaa juu ya mwamba bapa. Ukiwa hapo, ziwa ulilolala kandokando yake linaonekana chini kabisa. Mbele zaidi unapita kwenye changarawe inayorudi nyuma kila ukikanyaga, unafika kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, na kutoka hapo Lenana ni mwendo mfupi wa taabu. Lenana hauhitaji kamba. Watu huondoka usiku wakiwa na tochi za kichwani ili jua liwakute juu, kwa kuwa mawingu hupanda kutoka msituni na mara nyingi kufikia adhuhuri yameshafunika kila kitu. Wenye siku za ziada hufuata njia inayozunguka vilele vyote, wakipita mabega ya mlima na viziwa vingine vingi. Ni ya kuchosha kwa kupanda na kushuka, lakini ndiyo pekee inayokuonyesha Batian kutoka kila upande.

Batian na Nelion zenyewe ni kazi ya kamba na kucha. Baada ya Mackinder ilipita karibu miaka 30 kabla mtu mwingine kufika: mwaka 1929 Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipanda Nelion, wa kwanza kuufikia, kisha wakavuka hadi Batian. Na kwa kuwa mlima uko kusini kidogo tu ya ikweta, una ajabu moja. Katikati ya mwaka jua huwa kaskazini, hivyo ukuta wa kaskazini unakauka na kupandika huku wa kusini ukiwa na barafu. Desemba jua likihamia kusini, mambo yanageuka. Wapanda miamba huchagua ukuta kwa kuangalia kalenda.

Niwape na majina mawili ya kukumbuka. Desemba 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, yule yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, aliuona mlima huu akiwa Ukambani, Kitui, kwa mwenyeji wake, mfanyabiashara Kivoi. Akaandika kwamba una theluji. Wasomi wa Ulaya walikataa: theluji kwenye ikweta! Wakamba na Wagikuyu waliokuwa wakiiona kila asubuhi hakuna aliyewauliza. Jina la pili ni Kisoi Munyao, Mkenya aliyepandisha bendera ya taifa kwenye Lenana Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963. Wakenya wenzake walikuwa uwanjani Nairobi wakicheza ngoma, yeye yuko juu gizani na bendera.

Theluji aliyoiandika Krapf inakwisha. Barafu kubwa kuliko zote mlimani, iitwayo Lewis, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na zingine zimetoweka kabisa. Chanzo kikubwa ni kubadilika kwa hali ya hewa. Watu husema barafu ikiisha mito nayo itakauka. Mimi naona hofu hiyo inaelekezwa mahali pasipo. Sehemu kubwa ya maji ya mito ya Mlima Kenya hutokana na mvua inayodakwa na msitu na kuhifadhiwa na matope ya nyika ya juu, yale yale yanayotuchafulia viatu. Maji ya Nithi hufika Mto Tana, yakapita Garissa na Garsen mpaka baharini Kipini. Moto unaowashwa ovyo kwenye nyika na shoka linaloingia msituni hutishia mto huo kuliko kuyeyuka kwa Lewis.

Basi mkitaka kwenda, anzeni sasa, na anzeni karibu. Pandeni Ngong, pandeni Longonot mzunguke kreta yake, mzoee buti zenu na mzigo mgongoni. Chagueni Januari na Februari, au Agosti na Septemba, wakati mvua za masika na vuli hazipo. Bebeni koti la mvua hata kama mbingu ni safi, na shukeni na takataka zote, hata ganda la peremende. Wahifadhi hawaruhusu mtu kupanda peke yake. Mkifika getini andikeni majina yenu kwenye kitabu, na siku ya kutoka msisahau kusaini, hata kama mmechoka na gari linawangoja: jina lisilosainiwa humfanya askari wa hifadhi ajiulize kama kuna mtu wa kutafutwa mlimani.